Rudia hapo, mjukuu wangu

Mbukwenyi wahariri. Swali lenu la wiki hii, kama ni sawa Mkristo kusomea Biblia kwenye simu wakati wa ibada, limenigusa penyewe, maana huku kwetu Mvumi limeshawagombanisha wazee wa kanisa na vijana wa kwaya. Mimi nina swali lingine: somo linaposomwa, nani anasikiliza? Msomaji akitaja tu kitabu na sura, vichwa vyote vinainama kutafuta, na wengi wakija kuipata yeye keshamaliza. Wenye vitabu na wenye simu ni walewale.

Maandiko yenyewe yaliandikwa yasomwe kwa sauti. Ufunuo 1:3 unamtaja asomaye, mmoja, na wao wayasikiao, wengi. Paulo aliwaapisha Wathesalonike kwamba ndugu wote wasomewe waraka wake. Na Mithali 1:5 inamwambia asikie nani? Mwenye hekima, aliyekwisha kuwa nayo.

Msikilizaji wa namna hiyo nilimwona nikiwa kijana: mzee wa ukoo wetu, babu kwangu, macho yameshafunikwa na mtoto wa jicho. Ilikuwa siku ya kuanua matanga kwa jirani, na wana wawili wa marehemu hawasalimiani kwa ajili ya shamba la zabibu. Asiye wa huku hajui uzito wake. Uwele unakupa mara moja, tena mvua ikikubali. Mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka. Yule mkubwa ndiye aliyemwita babu aje aamue. Ugali na mlenda vilipoondolewa, babu akaomba kwanza lisomwe Neno. Binti wa darasa la saba akafungua Luka 12, pale mtu mmoja katika mkutano anapomwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi.

Mkubwa akawa anatikisa kichwa kukubali. Binti akaendelea: Yesu akamuuliza ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yao. Babu akainua mkono.

"Rudia hapo, mjukuu wangu."

Akarudia. "Tena." Akarudia polepole, kidole kikifuata mstari. Babu ameinama, fimbo magotini, sikio la kulia kalielekeza kwa binti.

"Huyo aliyeomba alikuwa mkubwa au mdogo?"

Binti akatazama. "Haijaandikwa, babu."

"Alidhulumiwa kweli, au alitaka kuzidishiwa?"

"Haijaandikwa."

"Haya, soma alilosema baada ya hapo."

Akasoma onyo la kujilinda na choyo, na habari za tajiri aliyepanga kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule akatakiwa roho yake. Babu akawageukia wale ndugu. "Bwana hakugawa, na mimi sigawi. Kila mmoja aniambie anaogopa kukosa nini." Kimya kirefu. Mdogo akasema ada ya sekondari ya mwanawe. Mkubwa akasema deni la dawa ya kupulizia mizabibu, alilokopa marehemu kwa jina lake yeye. Wengi pale tulikuwa hatujui. Dada yao ndiye aliyetoa wazo la kupokezana mavuno.

Ningeweza kuwaambia basi, fungeni simu, sikilizeni. Lakini kadiri ninavyoandika naona babu alisikia vema kwa kuwa binti hakuruka kitu. Juzi mhubiri mgeni alitutangazia kuwa Biblia inasema fedha ni shina la mabaya yote, akatuhimiza tuiache madhabahuni. Msichana aliyekaa karibu nami akafungua simu, akanionyesha 1 Timotheo 6:10: ni kupenda fedha. Bila simu ile ningeondoka na nusu ya mstari. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walisifiwa kwa yote mawili: walilipokea neno kwa moyo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo.

(Lile shamba, kwa sababu mtauliza: walipokezana misimu michache, kisha wakaliuza. Lakini wanasalimiana hadi leo.)

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, simu ziingie kanisani. Ila somo likisomwa zikae mfukoni, na mahubiri yakianza zifunguliwe. Namtoa katika ruhusa hii msomaji wa zamu tu: yeye asomee kitabu, maana kwetu tumeshashuhudia simu ikiita katikati ya Isaya.