Likizo ndefu ndiyo msimu wa mkimbiaji wa mita 800

Kila Desemba shule zikifungwa, vijana hunitumia programu za mazoezi walizozipata kwenye intaneti. Nyingi ni za majira ya baridi, zimeandikiwa wanafunzi wa Marekani wanaokimbia juu ya theluji au ndani ya kumbi. Mtoto wa Kapchorwa, huku mashariki mwa Uganda, ananiuliza: kocha, hizi dakika za kwenye mashine ya kukimbilia nizifanyeje? Usizifanye. Ila karatasi yenyewe usiitupe. Wenzetu hutumia miezi ile kujenga pumzi kabla ya mbio za uwanjani, na sisi tunayo miezi ya namna hiyo, tofauti ni kwamba yetu ni ya jua na vumbi. Inaanza shule zinapofungwa na kwisha zinapofunguliwa karibu na Februari. Wengi huiacha ipite hivi hivi, halafu muhula ukianza wanapigishwa mita 200 mpaka watapike, mashindano yakiwa yamekaribia.

Mimi nilikulia kambi ya polisi, nikakimbia 800 na 1500 nikiwa shule, na sasa nafundisha vijana huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ninachowaambia kila likizo ni kilekile: kimbieni polepole, kimbieni mara nyingi, wala kasi msiiache kabisa.

Polepole ndiyo inayowaudhi. Mtu wa mita 800 anajiona ni mtu wa kasi, anauliza kwa nini apoteze dakika 40 akijikokota barabarani. Sababu ni kwamba katika mita 800 karibu theluthi mbili ya nguvu mwilini hutokana na oksijeni, na katika 1500 inapita asilimia 80. Pumzi hiyo haijengwi kwa wiki mbili. Tazameni fainali ya mita 800 ya wanawake, mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019. Ajee Wilson wa Marekani aliongoza hadi karibu na mwisho, kisha Halima Nakaayi wetu akampita katika mnyooko wa mwisho, akawa bingwa wa dunia kwa 1:58.04. Ukiangalia unadhani ameongeza mwendo. Kwa kawaida mwishoni mwa 800 hakuna anayeongeza. Wote wanapungua, na anayepungua kidogo ndiye anayeshinda.

Sasa, polepole ni kiasi gani? Saa haikusaidii sana huku, kwa sababu barabara zetu ama zinapanda ama zinashuka. Pima kwa mdomo: wewe na mwenzako muweze kusimuliana mechi ya jana bila kukata sentensi. Vijana wa Sebei, eneo letu hili la Kapchorwa, wana ugonjwa wa kukimbizana. Wakiwa sita, mmoja ataongeza, wa pili atamfuata, na kufika kilomita ya tano mazoezi mepesi yamekuwa fainali. Na wakikutana na kundi la watu wazima wanaojiandaa kwa mbio ndefu ndiyo kabisa, mtoto wa miaka 16 anataka kushikana nao hadi Teryet, kule juu mlimani. Mwache atangulie anayetaka. Wengi tunakumbuka Kololo jijini Kampala, Machi 2017, mbio za nyika za dunia: Joshua Cheptegei anaongoza, Kampala nzima inapiga kelele, mzunguko wa mwisho miguu ikagoma, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye huko Aarhus, Denmark, alichukua dhahabu. Kama yeye aliishiwa, sembuse wa kidato cha tatu.

Wiki yenyewe si ngumu kuipanga. Anayeanza akimbie siku nne, aliyezoea siku tano au sita, dakika 30 hadi 50, na siku moja arefushe hadi saa moja na zaidi kidogo. Ongeza taratibu, na kila wiki ya nne punguza. Siku moja tafuta kilima cha kupanda kwa sekunde 30 hivi, panda mara nane, rudi chini ukitembea. Kilima kinajenga miguu kuliko vyuma vya jimu ambavyo hamna, na hakiumizi kama mbio kali za tambarare. Kuteremka ndiko kunakoharibu magoti na muundi, kwa hiyo acheni ushujaa wa kuporomoka.

Mara mbili kwa wiki, baada ya mbio nyepesi, nenda kwenye nyasi uachie mita 80 mara sita, kwa wepesi, mabega yakiwa yamelegea, ukipumzika vya kutosha katikati. Hapo ndipo kasi inapotunzwa. Ukiiacha miezi miwili, Februari miguu itakuwa imesahau, na ukiirudisha kwa pupa utachana msuli wa nyuma ya paja.

Lipo jambo ambalo zile programu za ng'ambo hazilijui. Desemba huku ni mavuno ya kahawa. Kijana anayechuma tangu asubuhi na kubeba gunia mgongoni mlimani hajapumzika, hata kama hakukimbia hatua moja. Siku kama hiyo hesabu kazi kuwa ndiyo zoezi, kimbia dakika 20 za kunyoosha miguu au usikimbie kabisa. Wazazi wangu wapendwa, nanyi mkimwona mtoto anaamka saa kumi na moja kwenda kukimbia, msimpe shamba lote peke yake.

Chakula kipo nyumbani. Tatizo ni kiasi na mpangilio. Posho, yaani ugali, na maharagwe ni chakula cha mkimbiaji, ongeza mboga za majani kama dodo au nakati, na mukene, yaani dagaa, mkiipata, maana damu inahitaji madini ya chuma. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia madini hayo yasiingie vizuri, inywe baadaye. Kwa mabinti hili ni zito zaidi. Hedhi ikikatika kwa miezi kadhaa, msifurahi kwamba mwili umekuwa mwepesi. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa mazoezi yale, na mifupa ndiyo italipa. Mwambie mama, shangazi au muuguzi, upunguze mbio, ule. Makocha wanaowaambia wasichana wapunguze kula siwaelewi hata kidogo.

Homa ikikushika, usitoke kukimbia ili uitoe kwa jasho. Nenda ukapimwe malaria, umalize dawa, na ukirudi anza kwa kutembea.

Viatu vya mtumba vinatosha kama soli haijapinda upande mmoja. Barabarani kaa kulia uone magari na boda zinazokuja, na toka kabla ya jua, vumbi likiwa bado limelala.

Mkirudi bweni ndipo kazi nyingi hupotea: usingizi unapungua, sahani inakuwa ndogo, na prepu, yaani kujisomea, ya alfajiri inakula saa ya kukimbia. Wiki hiyo ya kwanza punguza mazoezi hadi nusu. Na mwone mwalimu wa michezo siku mbili za mwanzo, kabla ratiba haijabandikwa, umwombe hata asubuhi mbili tu. Ikishabandikwa ukutani, kuibadilisha ni kazi ya mkuu wa shule.