Gesi kwa kichanga: anzia kwenye kunyonya
Pole sana mdogo wangu. Kichanga wa wiki tatu anayekunja magoti hadi tumboni na kulia tangu magharibi mpaka saa sita usiku, naijua hali hiyo. Wangu wa pili alikuwa hivyohivyo.

Angalia kwanza anavyonyonya. Akishika chuchu peke yake anameza hewa nyingi. Mdomo uwe wazi, ashike na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kiguse titi. Ukisikia anatoa mlio kama wa kubofya ulimi, ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo aachie, umuweke upya. Kabla ya kumhamishia titi la pili, mcheulishe: mweke begani, msugue mgongo taratibu kutoka chini kwenda juu. Usikate tamaa mapema. Wangu alichukua hata dakika 10, khanga imeshalowa maziwa, ndipo anacheua.

Akianza kujinyonganyonga, mlaze chali umchezeshe miguu kama anaendesha baiskeli, au mlaze kifudifudi juu ya mkono wako utembee naye. Kulala usingizi, chali tu.

Dawa ya mchango aliyoleta mama mkwe, na ile ya gesi ya dukani, tafadhali usimpe. Mkwe mshukuru kwa heshima, lakini chini ya miezi 6 ni maziwa yako tu, hata maji hapana.

Ila akiwa na joto la 38 au zaidi, akitapika kijani, akikataa kunyonya, tumbo likivimba likawa gumu au choo kikiwa na damu, mkimbize hospitali usiku huohuo.