Nianzie wapi kwenye ujenzi?

SWALI: Niko Majengo, Goma. Nguvu ninazo, ila ujenzi sijafanya zaidi ya kubeba mawe. Nitapataje kazi? – Msomaji

JIBU: Ndugu, mwenye nyumba muache, mfuate fundi mwashi, maana mara nyingi ndiye anayechagua wasaidizi. Fika asubuhi mapema, umwambie unajua kuchanganya. Lakini ujue kweli: karai 1 la saruji kwa 4 za mchanga, geuza vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji kidogo kidogo. Yakizidi, ukuta unakosa nguvu. Mawe yetu ya volkano yana matundu, kwa hiyo yaloweshe kwanza. Yakiwa makavu hufyonza maji ya mchanganyiko, nao hukauka kabla haujashika. Fundi huliona hilo upesi. Malipo ya siku mpatane kabla hujashika koleo.