Usiniombe lati, nionyeshe uso wa mwigizaji wako

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, ile filamu ya wavuvi wa Kunduchi imetulia. Naomba lati uliyotumia." Lati (LUT) ni rangi zilizopikwa tayari unazobandika juu ya picha za filamu. Nimefurahi, sifichi. Zile nyuso zinazowaka kwa mwanga wa karabai, bahari nyuma yao imebaki nyeusi tii, zimenichukua usiku kumi na moja kuzipanga rangi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini ombi lenyewe limenitonesha kidonda.

Miaka sita iliyopita nilinunua fungu la lati. Tulikuwa tumepiga filamu Bagamoyo, jua la saa saba, na mhusika mkuu alikuwa mama mmoja mweusi wa kung'aa. Mwongozaji alitaka itoke "kama ya Marekani", nami nikabandika ile ya buluu na chungwa. Kwenye laptopu ilipendeza. Siku ya maonyesho, kwenye projekta, mama wa watu akawa wa kijivu kama aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga. Binti yake alikaa nyuma yangu. Nikamsikia akinong'ona: "Kwani mama alikuwa anaumwa?"

Lawama zote niliangushiwa mimi. Mwongozaji yule hakunipa kazi tena, na mpaka leo tukikutana salamu ni fupi. Inaniuma.

Ndipo nikakaa chini kujifunza. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri filamu na kupanga rangi zake, ina toleo la bure, na ndani yake kuna kipimo cha rangi kinaitwa vekitaskopu, chenye mstari unaoonyesha rangi ya ngozi inapotakiwa kuangukia. Ngozi ya Mzungu, ya Mhindi, ya Mmakonde, zote huangukia karibu na mstari huohuo. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza na kukolea kwa rangi. Lati haijui hayo. Ni jedwali la namba za rangi: inapokea namba, inatoa namba, haijui kama imeshika ukuta au uso wa mama yako. Na tusisahau tulikotoka: kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu. Leo vifaa tunavyo wenyewe, halafu tunajipaka majivu kwa mikono yetu!

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni na ngozi. Kwenye jua weka waiti balansi, yaani mpangilio wa kamera unaofanya cheupe kionekane cheupe, kwa mkono, karibu kelvini 5600 (kelvini ndicho kipimo chake), usiiachie kamera ikuamulie. Ukikaa kwenye kompyuta kuhariri, sawazisha mwanga kwanza, kisha ngozi, mapambo baadaye. Ngozi kwanza, narudia.

Tena amueni rangi kabla ya kupiga. Filamu ya O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000 ilipigwa Mississippi majani yakiwa mabichi, na mpiga picha wake mkuu, Roger Deakins, akayageuza makavu ya njano kwa kompyuta, filamu nzima, kwa sababu hadithi ilidai vumbi. Rangi ilikuwa sehemu ya hadithi tangu mwanzo. Wewe unayetafuta lati saa nane usiku kabla ya kukabidhi kazi, hadithi yako inadai nini?

Kijana wa Mwanza, lati sina. Nitumie fremu moja ya uso wa mwigizaji wako, ambayo haijaguswa, na uniambie ilipigwa saa ngapi. Jumamosi nitaifungua.