Vyakula vibichi bila kurudia kachumbari kila siku

Umesema unakula vyakula vibichi vya mimea tu, na umechoka na kachumbari kila mlo. Nadhani kinachokosekana ni kitu cha kutafuna na kitu chenye mafuta.

Otesha choroko: loweka nusu kikombe saa 8 hadi 12, mwaga maji, weka kwenye chujio, funika kwa kitambaa, suuza asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hivi zina vimkia na utamu wake. Zikinuka au kuteleza, maji yalituama, tupa zote. Mjamzito asizile mbichi, maana bakteria huzaliana humo kwa urahisi.

Changanya na embe bichi lililokunwa, karoti na giligilani. Juu yake tui zito vijiko 3, maji ya ndimu, tangawizi, pilipili na chumvi. Tui limwagie wakati wa kula tu, kwenye joto linachacha upesi mno!

Kabichi ikate nyembamba, uifikiche na chumvi dakika 5, italainika.

Tafadhali, muhogo na maharage mekundu usile vibichi kabisa, vina sumu. Na vitamini B12 huipati kwenye mboga, tafuta vidonge.