Rogers na Beck katika ukurasa mmoja: kuandika falsafa yako ya ushauri nasaha

Swali: Niko mwaka wa mwisho wa mafunzo ya ushauri nasaha na nimeanza kuona wateja chini ya msimamizi. Tumetakiwa kuandika falsafa binafsi ya ushauri, kurasa mbili. Niliandika kwamba namfuata Carl Rogers ila natumia pia mbinu za utambuzi-tabia, yaani za kuchunguza na kubadili mawazo na tabia, kwa kuwa kila mteja ni tofauti. Msimamizi amenirudishia kazi akiwa ameandika: "Inajipinga. Unaamini nini hasa?" Sioni inajipinga wapi. Na imani yangu ya dini niitaje au niiache?

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa angekufafanulia kidogo ingesaidia. Kuchanganya nadharia si kosa, na washauri wengi wazoefu huchanganya. Kilichokosekana ni jibu la nini hasa kinachombadilisha mteja, na hapo ndipo Rogers, mwanasaikolojia aliyeanzisha ushauri unaomlenga mteja, anapoachana na Aaron Beck, mwanzilishi wa tiba ya utambuzi ambako mbinu zako nyingine zimetoka.

Rogers, katika makala yake ya mwaka 1957, alidai kuwa mshauri akiwa mkweli ndani ya uhusiano, akamkubali mteja bila masharti na kumwelewa kwa kuiona dunia kama mteja anavyoiona, na mteja akaihisi hali hiyo walau kwa kiasi, basi mabadiliko yatatokea. Kwake masharti hayo ni ya lazima na yanatosha. Ukikubali kwamba yanatosha, ile fomu ya kuandika mawazo unayompa mteja aende nayo nyumbani haina kazi. Beck aliuthamini uhusiano vilevile, lakini kwake huo ni mwanzo tu: mteja anapaswa kuyanasa mawazo yanayomjia yenyewe, kuyapima kwa ushahidi, na kujaribu tabia mpya kati ya kikao na kikao.

Mgongano huo huuoni kwenye karatasi, unauona kikaoni. Mteja anasema: "Nimefeli tena. Mimi sifai kitu." Ukimfuata Rogers utasema kitu kama, "Umejichoka, na safari hii imekuumiza zaidi," kisha utanyamaza. Ukimfuata Beck utauliza, "Wazo hilo la kutofaa kitu lilikujia wakati gani hasa? Kuna jambo lolote linaloliunga mkono, na lolote linalolipinga?" Yote mawili ni majibu mazuri, lakini huwezi kuyatoa kwa pumzi moja. Falsafa yako inapaswa kusema lipi linatangulia, kwa nini, na ni dalili gani itakayokuhamisha kutoka la kwanza kwenda la pili. "Kila mteja ni tofauti" hakusaidii hapo, maana hakuna mshauri wa nadharia yoyote anayeamini kinyume chake.

Njia iliyo salama kwa anayeanza ni kuwa na nadharia moja ya nyumbani na kuazima mbinu chache kutoka kwingine. Mwanasaikolojia Stanley Messer aliieleza mwaka 1992 kama ujumuishaji wa kufyonza: mbinu ya kuazima hufanywa kwa namna inayokubaliana na nadharia mama. Mfano wa sentensi inayosimama: "Naamini mtu hubadilika anapokubaliwa kwanza, kwa hiyo nampa mteja zoezi la kuchunguza mawazo baada tu ya yeye mwenyewe kuona kwamba wazo fulani linamrudia na kumsumbua, nalo nalitoa kama pendekezo analoweza kulikataa." Hapo Rogers ndiye mwenye nyumba na Beck ni mgeni, na hakuna kinachojipinga. Unaweza kuyageuza pia. Usilofanya ni kuwaacha wote wawili mlangoni.

Kabla ya kuandika upya, sikiliza unachokifanya tayari. Chukua rekodi za vikao vitatu ambavyo wateja waliridhia virekodiwe, andika neno kwa neno dakika 10 za katikati ya kila kimoja, na uondoe majina yote. Mbele ya kila kauli yako weka alama: swali, kuakisi hisia (kumrudishia mteja hisia uliyoisikia kwake), ushauri, maelezo, ukimya. Kisha ongeza maneno machache ya nini ulitarajia kitokee. Anayejiita mfuasi wa Rogers mara nyingi hukuta maswali yamejaa ukurasa mzima, tena ya ndiyo au hapana, na ushauri umejificha ndani ya "umewahi kufikiria…?" Hiyo ndiyo falsafa yako halisi kwa sasa. Ama ibadilishe, ama ikiri.

Ukishaijua, jibu kwa maandishi: mateso ya mtu hutoka wapi, nini hubadilika anapopona, kazi ya mshauri ni ipi na ya mteja ni ipi, na utajuaje kwamba njia yako haifanyi kazi. Majibu ya maswali matatu ya kwanza yasizidi nusu ukurasa. Historia ya nadharia ifute yote, msimamizi anaijua. Swali la mwisho ndilo wanafunzi wengi hulikwepa, nalo ndilo linaloonyesha ukomavu. Taja kipimo na muda. Kwa mteja mwenye sonona, kwa mfano, unaweza kutumia PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona, kila baada ya vikao kadhaa: maswali tisa, alama 0 hadi 27, na kushuka kwa alama 5 huhesabiwa kuwa nafuu ya maana. Pasipo nafuu, sema utapeleka nini kwa msimamizi na utabadilisha nini.

Andika pia pale falsafa inaponyamaza. Mteja akisema, "Wanangu wangepata nafuu nisipokuwepo," hakuna kuakisi tu wala kutafuta ushahidi wa wazo. Unauliza waziwazi kama anafikiria kujiua, kama ana mpango na njia ya kuutekeleza, na unafuata taratibu za usalama za kituo chako, msimamizi akijulishwa siku hiyohiyo.

Kuhusu dini: itaje iwapo kweli inaongoza namna unavyomwona binadamu, ila kwa sentensi moja au mbili, na mara moja useme unavyoizuia isimwangukie mteja. Kanuni za maadili za Chama cha Ushauri Nasaha cha Marekani za mwaka 2014 zinakataza mshauri kumbebesha mteja maadili yake, na pia kumhamishia kwa mwingine kwa sababu tu ya tofauti hizo za maadili. Kanuni zinazokuhusu wewe zisome mwenyewe kabla ya kuandika sehemu hii. "Nitaheshimu imani zote" ni maneno matupu. Afadhali uandike aina ya mteja atakayekupa shida kweli, mfano anayeelekea kwenye talaka ambayo imani yako haiikubali, na utakachofanya: kulipeleka kwa msimamizi mapema, na kutouliza swali lenye jibu unalolitaka.

Ukirudisha kazi, ambatisha ukurasa mmoja wa yale mazungumzo uliyoyaandika, na umwombe msimamizi azungushie mahali pamoja ambapo maneno ya falsafa na ya kikao hayafanani.