Kukesha si kulinda: swali la katibu wa wakulima wa karafuu

Swali: Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa karafuu karibu na Wete, Pemba. Tunaandika kanuni za kulinda karafuu msimu huu. Rasimu inasema: "Kila mwanachama atakesha saa tatu. Usiku wa Ijumaa ni zamu ya vijana." Mzee wetu mmoja kaikataa, anasema huko si kukesha. Tuandikeje?

Jibu: Waalaykum salaam, katibu. Mzee yuko sahihi, na sentensi zenu zina mitego mingine miwili ambayo hakuitaja.

Kukesha ni kukaa macho usiku mzima mpaka kuche. Ndani ya neno hilo hakuna kulinda. Mama hukesha na mtoto mwenye homa. Waumini hukesha msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani, na wengine hukesha kwenye ngoma ya arusi bila ya kulinda chochote. Aliyekaa mpaka saa sita kisha akenda zake kulala hakukesha, kachelewa kulala tu. Kwa hiyo mtu hawezi kukesha kipande cha usiku, na hilo ndilo lililomkera mzee wenu.

Kulinda hakujali usiku wala mchana. Bibi anayekaa barazani na ufito wake, jua kali, akiwafukuza kuku wasiparure karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi, analinda. Jioni karafuu zinapozolewa na kufunikwa umande usizipate, anayekaa nazo naye analinda. Kutokana na kitenzi hicho tunapata mlinzi, ulinzi na lindo. Lindo ni pahala pa kulindia, na pia ni kazi yenyewe: "Yuko lindoni" ni Kiswahili kizuri kabisa na kinatosha kwa kanuni zenu. Doria iacheni, maana doria ni kuzunguka, nanyi mnakaa pamoja na mali. Wakulima wa mpunga wana neno lao mahsusi, kuamia, yaani kuwafukuza ndege wasile mpunga, na mwenye kuamia aghalabu hukaa juu ya dungu, yaani jukwaa lililoinuliwa shambani. Nalitaja ijapokuwa hukuliuliza, kwa sababu nawasikia vijana wengi wakisema "kulinda ndege", na kumbe anayelindwa ni mpunga!

Sasa "saa tatu". Mmoja ataelewa muda wa saa tatu, mwengine ataelewa kuanzia saa tatu ya usiku. Wote wawili wamesoma sawasawa. Andikeni "muda wa saa tatu", mzozo umekwisha.

Mtego mkubwa ni "usiku wa Ijumaa". Kwa wazee wetu siku huingia jua linapokuchwa, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alkhamisi baada ya Magharibi. Kijana aliyezoea saa ya simu atakuja Ijumaa usiku. Nimewahi kuhariri ratiba ya namna hii, na usiku mmoja lindo lilikaa tupu kwa sababu kila upande uliamini ni zamu ya wenzao. Hakuna aliyekuwa mzembe, ni neno tu lililowagawa. Neno mkesha nalo limeshika hesabu hiyo hiyo ya zamani: mkesha wa Idi hutangulia Idi, na mkesha wa Mapinduzi ni usiku wa kuamkia Januari 12. Hilo "kuamkia" ndilo litakalowaokoa, kwani mzee na kijana wanalielewa namna moja.

Mimi ningeandika hivi: "Kila mwanachama atakuwa lindoni kwa zamu ya muda wa saa tatu. Usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alkhamisi baada ya Magharibi, ni zamu ya vijana." Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza, lakini mtu akisomewa mara moja anajua aje usiku upi na akae muda gani.

Na iwapo kuna usiku ambao mtu mmoja atabaki na karafuu tangu Isha mpaka Alfajiri bila ya kupokewa, hapo andika "atakesha", wala mzee hatapinga.